UZI: Duka dogo la vitabu mtaani, lile lenye mwenyewe ndani, tusiliache life (Nakuru, Kisumu, Western njooni hapa)

Kalamu ya Bondeni (mleta uzi, Nakuru)

Habari zenu wote humu. Nimeona watu wanasema ati duka la vitabu ni la Januari tu, unaingia na orodha ya shule, unatoka na vitabu na karatasi za kukava, basi mpaka mwaka ujao. Mimi hapo sikubali na leo nataka niliseme vizuri ju hii kitu naipenda na inaisha tukiangalia.

Hapa Nakuru ukitoka Kenyatta Avenue ukaingia zile barabara za ndani kuelekea soko bado kuna maduka ya vitabu madogo, si matawi ya kampuni kubwa, ni ya mtu mmoja na familia yake. Mbele ni madaftari, seti za jeometri, manila, gundi, kalamu za rangi. Watu wengi wanaishia hapo. Sasa pita kaunta uingie ndani kidogo, kuna rafu moja ama mbili huko nyuma ambazo mwenye duka anazipanga kwa mapenzi yake, riwaya, diwani, tamthilia, hadithi za watoto za Kiswahili, kamusi, historia, na vile vitabu vyembamba vilivyoandikwa na mtu wa huku huku kuhusu ukoo wake ama shule yao ya zamani. Hiyo rafu ya nyuma ndio naongelea kwa huu uzi.

Kwanza yule mwenyewe amezishika zote kwa mkono wake. Alizichagua yeye, akazilipa yeye, kama hazitoki ni yeye anaumia. Ukimwuliza kuna nini kizuri hakuonyeshi kinachouzika, anakuuliza wewe mwisho umesoma nini na ulikipendea nini. Ukisema ulikiacha katikati anakuuliza ulichokea wapi, kisha anapanda kistuli anakutolea kitu ambacho hata hukujua kimeandikwa. Simu inanionyesha kinachofanana na nilichonunua jana, yule mzee wa mitaa ya sokoni ananipa kisichofanana kabisa na anasimama hapo kunieleza kwa nini, na nikipita tena lazima aulize nimefika wapi. Mimi nilianza kusoma ushairi kwa sababu ya mtu kama huyo, hakuna mwalimu alikuwa ameniweza.

Halafu watoto. Enda Jumamosi saa nane hivi uone wale wa shule wamesimama kwenye rafu ya hadithi wanasoma kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna mtu anawafukuza. Supamaketi askari angekuwa amewauliza mara mbili wanatafuta nini.

Naomba michango, haswa walio kwenye hiyo biashara. Mtuambie inaendeleaje na sisi wasomaji tufanye nini.

---

Mama Rafu (Kisumu)

Kalamu ya Bondeni asante sana mwanangu kwa kuleta hii. Mimi niko kwenye hii kazi hapa Kisumu tangu wanangu wakiwa wadogo, wacha nikwambie vile iko ndio watu waelewe ile rafu ya nyuma inakaa aje.

Riwaya hailipi kodi ya duka. Haijawahi. Kilichokuwa kinalipa kodi ni vitabu vya shule. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza 2003 shule za umma zikawa zinatumiwa pesa za vitabu, mwalimu mkuu na kamati yake wanakuja kwa duka la karibu wananunua, na sisi tulikuwa tunajua shule zetu kwa majina, ukipata oda ya shule mbili tatu hapo mwaka umesimama. Hiyo faida ndio ulikuwa unaitoa kidogo unanunua nakala tatu za diwani, nakala mbili za tamthilia, unaziweka zingoje mwenyewe aje hata kama atakuja mwakani.

Sasa 2018 serikali ikaanza kununua vitabu moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka mpaka mlangoni mwa shule. Mimi ni mzazi na sitasema uongo, watoto walisaidika. Kulikuwa na madarasa watoto wanne wamezunguka kitabu kimoja na kuna pesa zilikuwa zinapotea njiani. Lakini hakuna mtu alikaa chini akauliza yule muuza vitabu wa Kondele ama wa Luanda ama wa Bungoma atakula nini kuanzia hapo. Majirani zangu wa biashara walifunga mmoja baada ya mwingine, mwingine sasa anauza vyombo vya plastiki mahali pale pale, rafu ni zile zile.

Na kabla ya hapo 2013 tulikuwa tushawekewa VAT ya asilimia 16 kwa vitabu. Kitabu cha mtoto kinalipishwa ushuru sawa na redio. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Halafu mtaala ukabadilishwa. Vitabu vya marudio vya darasa la nane, mtihani wake wa KCPE wa mwisho ulifanywa 2023, kile kilibaki kwa rafu baada ya hapo ni karatasi tu. Setibuku za fasihi, zile zinatahiniwa sekondari, zikibadilishwa na wewe ulikuwa umejaza za zamani, hiyo ni hasara yako. Mchapishaji wa Nairobi anataka pesa kwanza ndio mzigo upande basi la usiku, na vikibaki mara nyingi harudishiwi mtu. Kwa hivyo mwenye duka akiona hivi anaanza kupunguza wapi? Nyuma. Anatoa riwaya anaweka mifuko ya shule. Ukiona duka la vitabu halina hadithi usimlaumu mwenyewe haraka, muulize kwanza.

---

Kiamunyi Msomi (Nakuru)

Mama Rafu heshima zako, nimekusoma na pole kwa hayo yote. Lakini wacha niseme upande wa sisi vijana. Kitabu kipya ni elfu moja na kitu, na mimi nikitoka Kiamunyi kuja tauni ni nauli pia, na nikifika naweza pata hakipo niambiwe nirudi wiki ijayo. Sai kwa simu naingia grupu naitisha PDF napata kabla chai ipoe. Si ati sipendi maduka, napenda sana kuingia na kunusa makaratasi, lakini mfuko hauruhusu kila mwezi. Na nimesikia hata Ulaya na Marekani hayo maduka madogo yaliuawa na onlaini kitambo, sasa sisi ni akina nani tuyaokoe? Nauliza kwa uzuri.

---

Msomi wa Maseno

Kiamunyi Msomi hilo la mwisho wacha nikujibu ndugu yangu ju nimelifuatilia kiasi.

Amazon, lile duka la onlaini, ilifungua 1995 ikiuza vitabu peke yake, kweli maduka mengi Marekani yalikufa, lakini angalia nani alianguka kwa kishindo, Borders, kampuni kubwa yenye maduka mamia, ilifilisika 2011. Madogo mengi yalibaki na mengine mapya yakafunguliwa. Kwa nini? Kwa sababu Borders ilikuwa inauza kitu kile kile simu inauza, vitabu vingi kwa bei ya chini, na hapo huwezi kushindana. Lile dogo lilikuwa linauza uchaguzi wa mtu fulani, na mazungumzo, na mwandishi wa mtaa kuja kusoma jioni, hivyo vitu havikuwa vimechukuliwa na mtu. Saa hii kule kuna hata siku ya maduka huru ya vitabu, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, watu wanazunguka duka hadi duka. Na 2020 wakaanzisha Bookshop.org, unanunua onlaini lakini sehemu ya faida inaenda kwa duka dogo unalochagua.

Wafaransa walienda njia ya sheria. Tangu 1981 mchapishaji ndiye anapanga bei ya kitabu kipya na hakuna duka linaruhusiwa kupunguza zaidi ya asilimia 5, awe na duka moja ama mia. Kwa hivyo mkubwa hawezi kumuua mdogo kwa bei, wanabaki kushindana kwa huduma na kwa nani anajua vitabu vyake. Waingereza walikuwa na mapatano yanayofanana na hayo kati ya wachapishaji, yakavunjika miaka ya 1990, supamaketi zikaanza kuuza vile vitabu vinavyotoka sana kwa bei ya kutupa.

Sisemi tuige Ufaransa kesho. Nasema kufa kwa haya maduka si mvua, kuna mahali watu waliamua yaishi na yanaishi. Hapa kwetu maamuzi yalifanywa pia, hayo mawili Mama Rafu ametaja, 2013 na 2018, na yote yalienda upande mmoja.

---

Nyar Kano (Kisumu)

Amosou uduto.

Mimi naongeza la lugha. Nani mwingine atakuwekea kitabu cha Dholuo kwa rafu? Ama cha Lulogooli, ama cha Lubukusu? Supamaketi haitaki hata kusikia, inataka kinachotoka kwa siku. Mtandao nao unaandika jina la kitabu unapata hakuna kitu.

Kisumu tumewahi kuwa na watu waliolielewa hili. Marehemu Mama Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers hapa hapa Kisumu 1982, hakungoja Nairobi, akachapisha kwa Dholuo na kwa Kiingereza, na vitabu akaviuza pia kwa duka la vitabu hapa mjini. Yaani mwandishi, mchapishaji na muuzaji kwa mtu mmoja, mama, miaka hiyo. Alituacha 2014. Familia ya mwandishi Grace Ogot nayo ilikuwa na Anyange Press, ya kuchapisha vitabu, hapa hapa. Mtoto wa Nyalenda alikuwa anaweza kuona kitabu kimeandikwa chini "Kisumu" badala ya "Nairobi" ama "London" na akajua kumbe kitabu kinaweza kutoka kwetu. Mimi hilo neno moja la jina la mji lilinifanyia kitu nikiwa msichana mdogo, nilikuwa nafungua ule ukurasa wa mbele kuliangalia.

Duka likifungwa si vitabu tu vinaenda. Yule mtu aliyekuwa anajua kuna mzee Rarieda ana nakala za kitabu chake chini ya kitanda, na kuna mwalimu Seme anakitafuta, yule anayewaunganisha hao wawili ndiye anaenda, na hakuna mahali ameandika hayo majina.

---

Lurambi Inama (Kakamega)

Mulembe watu wetu. Mimi ni inama bukshop, nauza chini kwa turubai Kakamega, ndio kazi yangu na naipenda. Naomba mtuhesabu na sisi kwa haya maduka huru, mvua ikinyesha ni kukunja tu lakini uchaguzi ni wangu mwenyewe.

Ndugu wa Kiamunyi mfuko nauelewa. Kwangu kuna riwaya za shilingi mia, mia na hamsini, ziko sawa kabisa. Zinatoka wapi? Mtu anahama anauza rafu nzima, mwalimu amestaafu, mwanafunzi wa chuo cha Masinde Muliro amemaliza anataka nauli ya nyumbani. Mimi naangalia kwanza ndani, ukurasa wa kwanza ukiwa na jina la mtu na tarehe ya zamani najua hicho kilisomwa, nakiweka pembeni kwa sababu kuna wateja wananunua hivyo tu. Januari ni kubadilishana, mzazi analeta cha gredi ya mwaka jana anaongeza kidogo anachukua cha mwaka huu, hiyo imesaidia nyumba nyingi kushinda mnavyojua.

Lakini sichukui feki. Kuna watu wanatuletea setibuku zimepigwa kopi, bei nusu, na najua nikikataa mwenzangu atachukua, bado nakataa. Mjue kuitambua: karatasi nyepesi unaona maandishi ya upande wa pili, kava rangi imefifia, wino unapaka kidole, gundi ya mgongo inaachia ukifungua wazi. Na kurasa huwa zinaruka. Mtoto anaenda mtihani na kitabu hakina sura nzima, nani atamweleza?

Pia kwa Mhariri marehemu Henry Chakava nivue kofia. Huyo ni wa kwetu Vokoli, Vihiga, ndiye 1992 wenyeji waliponunua Heinemann Kenya ikawa East African Educational Publishers alikuwa mbele. Alituaga 2024. Mtu wa huku alifanya uchapishaji ukawa wetu, sasa nami nikiwa huku nikitaka kitabu kipya cha mwandishi Mkenya inabidi nitumie mtu Nairobi. Hilo pengo kati ya mchapishaji na kijiji ndio duka dogo lilikuwa linaziba.

---

Mwalimu Chavakali

Lurambi Inama asante ndugu, umesema mambo mazito. Nami nitakuwa mfupi. Nafundisha darasa la chini. Watoto wangu wana vitabu vya kiada vya serikali, sawa, kila mmoja na chake. Lakini kitabu cha kiada mtoto anakifungua akiambiwa. Cha hadithi anakifungua hajaambiwa, na huyo wa pili ndiye nakuja kumwona kwa insha yake, msamiati unatoka wenyewe. Wazazi wangu wengi ni wa shamba na bodaboda, hawana elfu moja ya mara moja. Kuna dada mwenye duka hapa karibu anawaandikia kwa daftari, wanalipa pole pole, hamsini, mia, mpaka kinaisha. Hakuna tovuti ya dunia inaweza kumwandikia mama wa Chavakali deni la hadithi ya mtoto.

---

Kalamu ya Bondeni (mleta uzi)

Aki asanteni sana, uzi umekuwa mzito kuliko nilivyofikiria.

Kiamunyi Msomi nirudi kwako, na naongea kama jirani. Ile PDF ya grupu mwandishi hapati kitu. Hata kitabu kikiuzwa halali mwandishi mara nyingi anabaki na asilimia 10 hivi ya bei, sasa tukimnyima hata hiyo ataandika kingine na nini? Kama mfuko umebana kuna inama, kuna maktaba ya umma, hapa Nakuru iko, Kisumu iko, Kakamega iko. Kuna kuchanga, sisi hapa mtaani tunanunua kimoja kipya tunakizungusha, na tunakinunua kwa yule yule mzee, na akijua ni cha kuzunguka anatutafutia chenye karatasi nzuri.

Na wasomaji wengine wote: tununue Juni. Tununue Septemba. Januari mwenye duka yuko sawa, miezi inayomuua ni ile ya katikati, na nakala moja ya riwaya mwezi wa sita inamwambia rafu ya nyuma bado ina watu. Zawadi ya bathidei ya mtoto, ya graduesheni, ya harusi hata, iwe kitabu. Kama hakipo usikimbilie simu hapo hapo, mwambie akuagizie na umwachie namba, kwa sababu oda yako ndiyo inamfanya aulize mchapishaji, na akiuliza analeta viwili, kimoja chako na kimoja cha mtu mwingine asiyejua bado kwamba anakitaka.

Wenye kaunti nao, shule za chekechea ziko mikononi mwenu, hadithi za watoto mnaweza kununua kwa maduka ya kaunti yenyewe. Kiada kiendelee kuletwa na lori la serikali, hakuna shida. Hadithi zinunuliwe hapa, risiti itolewe hapa, mwalimu aende mwenyewe achague akiwa ameshika.

---

Kiamunyi Msomi (Nakuru)

Nimeelewa mkubwa. Hilo la kuchanga sikuwa nimelifikiria, niko na wasee wanne hapa estate wanaosoma. Nielekeze inbox duka ni gani, Jumamosi tunashuka.

---

Mwandishi wa Kanduyi (Bungoma)

Wazee na akina mama habari. Nimeandika hadithi za watoto, nimezipiga chapa mwenyewe kwa pesa yangu, nakala mia mbili. Nimeingia duka moja nikaambiwa niache nimpigie baadaye, nikapiga haichukuliwi. Mama Rafu nisaidie, mtu anaingiaje kwa hiyo rafu ya nyuma?

---

Mama Rafu (Kisumu)

Mwanangu wa Kanduyi hongera kwanza kwa kumaliza, wengi wanaanza tu. Sikiza.

Hakikisha ina ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na KNLS, huduma ya maktaba ya taifa, bila hiyo shule na maktaba zitakusumbua. Usiende duka asubuhi ya Jumatatu wala Januari, nenda katikati ya wiki katikati ya muhula mwenyewe akiwa ametulia. Usimwambie anunue, mwambie unaacha kwa mali kauli, yaani zikiuzwa ndio mnagawana, na asilimia yake mkubaliane hapo hapo muiandike kwa karatasi mbili, moja yake moja yako, na idadi ya nakala na tarehe. Wengi wanagombana baadaye kwa sababu waliongea kwa mdomo.

Acha nakala tano, sita hivi. Usiache hamsini, zikijaa mahali zinamkera atazisukuma chini ya kaunta. Moja mpe yeye bure aisome, hiyo ndio ya muhimu kuliko zote, hawezi kumwambia mzazi kitabu ni kizuri kama hajakisoma. Halafu rudi kila baada ya wiki mbili tatu, usipige simu, fika, msalimie, nunua hata kalamu.

Na niangalizie kitu kimoja kabla hujaenda popote. Mgongo wa kitabu umeandikwa jina? Wengi mnaochapisha wenyewe mnaacha mgongo mweupe, na kikishapangwa kwa rafu ni mgongo tu ndio unaonekana. Kama ni vyembamba havina mgongo wa kuandika mwambie akuwekee vikiangalia mbele, kwa kamba na vibanio vya nguo kama tunavyotundika majarida. Kwangu nafasi ya kamba iko, nitumie sita kwa basi, andika juu ya kifurushi bei unayotaka mzazi alipe, si bei uliyotumia kuchapisha.